Mshale wa Katikati

Niliuamini kwa miaka kumi na moja.
Kila nikiwasha, mshale wa oili ulipanda hadi katikati
ukatulia pale, kama mtu aliyeulizwa hujambo
akajibu sijambo kabla swali halijaisha.

Nyuzi ishirini chini ya sifuri: sijambo.
Kona za barabara ya ziwani, mguu umekanyaga hadi sakafuni:
sijambo.
Siku injini ilipoanza kugonga kutoka tumboni,
gonga, gonga, kama mpangaji aliyefungiwa ndani,
nilitazama dashibodi. Katikati.
Mficha maradhi alikuwa mle, kilio kikamfichua
kilomita arobaini kabla ya Kajaani,
theluji inaanguka, gari la kuvuta halifiki hadi saa tatu usiku.

Fundi Rautiainen aliniwekea beringi kiganjani,
imelika, nyembamba kama ukucha.
"Ile si geji," akasema. "Ni swichi iliyovalishwa mshale.
Wateja huogopa kitu kinachotikisika."

Sasa ni Januari, Oulu, gereji ya dada yangu Sirkka,
injini ya mtumba, meza imejaa katalogi.
Kuna za fremu ya kromu, zinameremeta kama meno ya muuzaji.
Kuna za taa ya buluu, utadhani unaendesha ukumbi wa dansi.
Kijana wa dukani alinionyesha hata geji ya turbo.
Sina turbo.
"Lakini itapendeza," akasema.
Nikachukua mbili: presha ya oili, joto la oili.
Uso mweusi, tarakimu nyeupe,
mwanga wa chai ya rangi, ufanane na mita ya spidi
iliyozeeka na gari.

Sirkka alitaka tuzifunge kwenye nguzo ya kioo.
"Hapo utaziona."
"Nitaziona hizo, nisimwone kulungu."
Tukakata maduara kwa boksi la viatu, tukapachika huku,
tukabandua, tukapachika kule.
Mwishowe tulichomoa matundu mawili ya hewa, yale ya kati,
na geji zikaingia kama mguu katika kiatu cha kaka mkubwa:
zikacheza kidogo, mpaka mkanda wa sponji ukamaliza ubishi.

Kazi ya chini haikuwa ya kupigia picha.
Kiungo cha shaba chenye midomo mitatu, ubavuni mwa injini,
mahali ambapo spana haigeuki ila robo kwa robo,
ngozi ya vidole ikabaki huko kama kodi.
Waya ukapenya ukuta wa injini, tundu likavishwa raba
chuma kisije kikautafuna.
Sirkka alishika tochi. Tochi ikayumba.
"Hujambo wewe?"
"Sijambo," upesi,
na tangu Novemba jibu lake ni hilo,
halipandi, halishuki.
Sikusema kitu. Nilikuwa na fyuzi mdomoni.

Saa nne usiku tukawasha.
Mshale ukaruka hadi tano,
oili nzito kama asali iliyosahauliwa nje,
kisha ukaanza kuteremka. Nne. Tatu na nusu.
Ukitetemeka kila nilipogusa kanyagio.
Moyo wangu ukateremka nao.
"Inaharibika?" akauliza.
"Inapata joto," nikajibu, nikijishawishi mwenyewe pia.
Tukakaa, vioo vimeganda,
tukiutazama mshale usio na adabu za wageni.
Mbili.
Moja na nusu, injini ikiguruma chinichini.
Sirkka akazima tochi aliyokuwa bado ameishika.
"Na mimi nilipimwa presha Jumanne," akasema,
akanitajia namba, ya juu na ya chini.

Matundu yale hayakurudi.
Joto linatoka pembeni tu, upande wa mlango,
mkono wa gia unaganda.
Naendesha na glavu moja.